Oman: Mgeni njoo, mwenyeji apone – lakini mwenyeji yupi?

Mgeni anayezuru miji ya Nizwa, Ibra na Sur nchini Oman anaweza kushiba kwa riali mbili. Lakini chakula hicho aghalabu si cha Kiomani, aliyekipika si mzaliwa wa mji huo, na sehemu kubwa ya fedha iliyolipwa haikai mjini. Kadiri serikali ya Muscat inavyozidi kuuegemea utalii ili kupunguza utegemezi wa mafuta, ndivyo swali la nani anafaidika na tonge la mgeni linavyozidi kuwa zito.

Kila Ijumaa asubuhi, chini ya ngome kongwe ya Nizwa, hufanyika mnada wa mifugo unaojulikana kote nchini. Wauzaji huwazungusha mbuzi, kondoo na ng'ombe katika duara huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi, miongoni mwao wanawake wa kibedui waliovaa barakoa zao, huwapapasa wanyama hao migongo na kuwafungua midomo kutazama meno. Pembeni husimama watalii kutoka Ulaya na Asia, kamera mkononi.

Kabla ya adhuhuri mnada huwa umekwisha. Mbuzi aliyepigwa picha mara mia hupakiwa nyuma ya gari na kupelekwa katika nyumba ambayo mtalii hataingia. Mtalii mwenyewe huvuka barabara, akaketi katika mkahawa mdogo, akaagiza chapati, mayai na kikombe cha chai ya maziwa. Aliyemhudumia ametoka Kerala nchini India, au Bangladesh, au Pakistan.

Hapo ndipo kilipo kitendawili cha utalii wa Oman ya ndani. Mgeni amekuja kuiona nchi, lakini nchi yenyewe haipo katika sahani yake.

Riali nzito

Riali ya Oman ni miongoni mwa sarafu zenye thamani kubwa kabisa duniani. Tangu mwaka 1986 imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika, ambapo riali moja ni sawa na dola 2 na senti 60. Riali hugawanywa katika baisa 1,000. Neno baisa lina asili moja na neno pesa. Yote mawili yametokana na sarafu ya Kihindi iliyozunguka pande zote mbili za bahari katika karne ya 19.

Kwa msafiri kutoka Ulaya, kiwango hicho kisichoyumba humrahisishia hesabu. Kwa msafiri kutoka Afrika Mashariki, humgeukia kuwa mzigo. Mwaka 2005 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi za Tanzania 1,100 na ushei, kwa hiyo riali moja ilikuwa takriban shilingi 3,000. Katika miaka ya karibuni riali hiyo hiyo imefika kati ya shilingi 6,000 na 7,000, na kwa Mkenya huvuka shilingi 330.

Maana yake ni kwamba hata pale ambapo bei ya Oman haikupanda, kwa Mswahili imepanda. Kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki, kinachoitwa karak, kiliuzwa kwa baisa 100 kwa miaka mingi, na leo katika mikahawa mingi huuzwa kati ya baisa 100 na 200. Muomani akilalamikia ongezeko la baisa 50, mgeni wake kutoka Unguja au Mombasa huwa amekwisha kuhesabu kichwani thamani ya shilingi na kunyamaza.

Ngazi tatu za bei

Kwa ujumla, kula nje katika mikoa ya Ad Dakhiliyah na Ash Sharqiyah kuna ngazi tatu.

Ngazi ya chini ni ile ya mikahawa ya chai na ya wali iliyotapakaa kando ya kila barabara kuu. Hapa mkate uliojazwa nyama ya shawarma huwa kwa kawaida chini ya riali moja, na sahani ya biriani au wali na kuku huwa kati ya riali moja na nusu na mbili na nusu. Ni bei inayoweza kununua sahani tatu za pilau kwa mama lishe wa Dar es Salaam, lakini kwa Mtaliano au Mjerumani ni nafuu isiyo na mfano. Aliyezoea miji ya Italia, ambako katika mikahawa mingi hutozwa hata kwa kuketi tu mezani, hushangaa kuletewa maji, kachumbari na mkate bila ya kuongezewa bili.

Ngazi ya kati ni mikahawa inayojitangaza kuwa inauza chakula cha Kiomani. Wateja huketi juu ya mazulia katika vyumba vidogo, na chakula huletwa katika sinia moja la kuliwa na watu kadhaa kwa mkono. Hapo mgeni hukuta qabuli, ambayo ni wali uliopikwa kwa supu ya nyama na viungo. Harees, ambayo Mswahili ataitambua mara moja kuwa ni boko boko. Na samaki nguru wa kuchoma na wali wa ndimu. Mlo wa mtu mmoja aghalabu huwa kati ya riali 3 na 5, na penye nyama ya mbuzi hupanda zaidi.

Ngazi ya juu ni hoteli za kitalii na kambi za jangwani. Mlo wa kujipakulia hotelini unaweza kugharimu riali 8 hadi 15, na juu yake huongezwa ada ya huduma na tozo mbalimbali. Katika mchanga wa Sharqiyah, upande wa Bidiyah, si mbali na Ibra, kambi nyingi hazimwachii mgeni hiari: chakula cha usiku na cha asubuhi hujumuishwa katika bei ya kulala. Sababu ni ya kimaumbile. Hakuna duka wala mkahawa jangwani, na kila chupa ya maji, mtungi wa gesi na kichane cha ndizi lazima viletwe kwa gari la kupanda mchanga.

Tofauti kati ya ngazi hizo tatu inaeleza mengi kuhusu uchumi wa nchi. Kilicho rahisi ni kile kilichopikwa na mhamiaji, na kilicho ghali ni kile kinachoitwa cha kienyeji.

Kwa nini cha nyumbani ni ghali?

Jibu la kwanza limo katika mnada wa Nizwa. Mbuzi aliyezaliwa na kulishwa Oman hupendwa kwa ladha ya nyama yake, na nyakati za kuelekea sikukuu bei yake huvuka riali 100 kwa urahisi. Mbuzi na kondoo wanaoletwa kwa meli kutoka Somalia na kwingineko huwa nafuu zaidi, na hao ndio wanaojaza vyungu vya mikahawa mingi. Hivyo mgeni anayeambiwa anakula mbuzi wa Kiomani huenda anakula mbuzi aliyekulia katika malisho ya Pembe ya Afrika.

Jibu la pili ni muda. Shuwa, chakula mashuhuri kuliko vyote katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, ni nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kutiwa katika kikapu cha ukindu, kisha ikafukiwa katika shimo lenye makaa kwa siku nzima au mbili. Shimo hilo aghalabu ni la mtaa mzima: kila familia hutia kikapu chake chenye alama, na kukitoa kwa pamoja siku ya Idi. Chakula cha namna hiyo hakikubuniwa kwa ajili ya mteja anayetaka kuhudumiwa kwa nusu saa. Mkahawa unaokiuza huwa unaiga, kwa tanuri ya gesi, jambo ambalo asili yake ni ushirika.

Jibu la tatu ni kwamba Oman hununua nje sehemu kubwa ya chakula chake. Mchele wa basmati hutoka India na Pakistan. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 bei za ngano na mafuta ya kupikia zilipanda duniani kote, na mwezi Agosti mwaka 2023 India iliweka bei ya chini ya kuuzia nje mchele wa basmati, sharti ambalo iliondoa Septemba mwaka 2024. Maamuzi ya New Delhi hufika moja kwa moja katika sinia la Ibra.

Hata samaki, neema ambayo bahari ya Sur haijawahi kuinyima Oman, hana bei ya kutegemewa. Wakati wa pepo za kusi bahari huchafuka na boti hubaki pwani. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba uvuvi wa nguru hupigwa marufuku ili samaki hao wazaliane, na kamba koche huruhusiwa kuvuliwa kwa kipindi kifupi tu cha majira ya kuchipua. Vile vile malori yenye barafu huwachukua samaki wazuri usiku kuwapeleka masoko ya Ghuba yanayolipa zaidi. Mara kadhaa serikali imelazimika kuzuia aina fulani kuuzwa nje ili mwananchi naye apate kitoweo kwa bei anayoimudu.

Mafuta na kodi

Fauka ya hayo, sera za fedha za serikali zimegusa jiko. Bei ya mafuta ghafi ilipoporomoka kuanzia mwaka 2014, hazina ya Oman ilitikisika. Januari mwaka 2016 ruzuku ya petroli iliondolewa. Lita iliyokuwa ikiuzwa kwa baisa 120 hivi ilipanda hadi karibu maradufu katika miaka iliyofuata, na kuelekea mwisho wa mwaka 2021 serikali iliamua kuweka kikomo ili bei isizidi kupaa. Kwa mji kama Nizwa, ulio takriban kilomita 150 kutoka Muscat, au Sur iliyo umbali wa kilomita 200 hivi, kila nyanya iliyotoka bandarini au soko kuu hubeba ndani yake gharama ya safari.

Tarehe 16 Aprili mwaka 2021 Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Vyakula vingi vya msingi dukani vilisamehewa, lakini mlo wa mkahawani haukusamehewa. Hata hivyo, biashara ambayo mauzo yake hayafiki riali 38,500 kwa mwaka hailazimiki kujisajili. Ndiyo maana kibanda cha chai kinaweza kumwuzia mgeni bila ya kodi, ilhali mkahawa wa kienyeji uliojitahidi kukua na kuandika hesabu zake hulazimika kuongeza asilimia 5 katika bili. Sheria iliyokusudiwa kuwalinda wadogo imepanua, bila ya kukusudia, pengo la bei kati ya chakula cha mgeni na chakula cha mwenyeji.

Meza isiyo na bili

Lakini kuna mlo mwingine ambao hauna bei kabisa, na ndio huo wageni wengi kutoka Afrika Mashariki wanaoufahamu.

Uhusiano wa miji hii na pwani ya Waswahili hauhitaji kuelezwa upya. Kutoka Ibra na vijiji vya jirani kama Al Mudhairib zilitoka familia za kina Al-Harthy na Al-Barwani ambazo majina yao yamo katika historia ya Zanzibar. Majumba makubwa ya mtaa wa kale wa Al Minzafah mjini Ibra hunasibishwa na utajiri uliotokana na biashara hiyo ya ng'ambo. Sur iliunda majahazi yaliyosafiri kwa kaskazi kwenda Unguja na Lamu yakiwa na tende na papa mkavu, na kurudi kwa kusi yakiwa na boriti na karafuu. Hata karafuu yenyewe, kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wanahistoria wengi, ilifikishwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na Saleh bin Haramil wa ukoo wa Al-Abri, ukoo wenye makao yake Al Hamra katika milima iliyo jirani na Nizwa.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya familia zilihamia Oman zikiwa na lugha ya Kiswahili na mapishi yake. Ndiyo maana leo maandazi, sambusa, muhogo wa nazi na mishkaki si vitu vigeni katika mikoa hii. Mishkaki huitwa mishkak, na huchomwa kando ya barabara jioni, vijiti kadhaa kwa riali moja.

Mgeni mwenye jamaa hapigi hesabu ya mkahawa. Kabla hajakaa vizuri huletewa tende na kahawa chungu yenye iliki katika kikombe kidogo, na huendelea kumiminiwa mpaka akitikise kikombe kuashiria kwamba ametosheka. Kisha hufuata matunda, haluwa ya Nizwa, na mwishowe sinia. Kutoa mkono mfukoni hapo ni kumvunjia mwenye nyumba heshima.

Hata hivyo, kisicho na bili hakikosi gharama. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini desturi ya Oman haimpi mgeni jembe hata siku ya kumi. Familia ya kipato cha kati huenda ikatumia kwa ugeni mmoja sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kwa raia katika sekta binafsi ni riali 325, kiwango kilichowekwa mwaka 2013, na mbuzi mmoja wa kumkirimu jamaa aliyetoka mbali huweza kumeza thuluthi yake.

Na ndani ya nyumba kuna swali jingine: nani anayepika? Katika nyumba nyingi ni mama na binti zake. Katika nyingine ni mfanyakazi wa nyumbani, na miongoni mwao wamo wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2017 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza malalamiko ya kufanya kazi kwa saa nyingi mno, kunyimwa mishahara na kushikiliwa pasipoti. Si kila nyumba iko hivyo, na wako wanaosifu waajiri wao. Lakini ukarimu unaosifiwa na wageni hauwezi kupimwa kwa wingi wa sinia peke yake. Wapasa kupimwa pia kwa haki ya aliyeliandaa.

Fedha inakwenda wapi?

Turejee kwa mtalii asiye na jamaa. Riali mbili alizolipa katika mkahawa wa chai hugawanyika mara tatu. Sehemu hununua mchele, mafuta na kuku, vingi vikiwa vimetoka nje ya nchi. Sehemu huwa mshahara wa mpishi, ambao kwa kawaida hutumwa Asia kusomesha watoto na kujenga nyumba. Sehemu iliyobaki huwa ya mwenye leseni.

Kwa miaka mingi imekuwa siri ya wazi kwamba katika biashara ndogo ndogo raia huweka jina lake tu, akapokea malipo maalumu kila mwezi, na mgeni ndiye anayeendesha duka na kuchukua faida. Mwaka 2023 wizara ya biashara ilitoa kanuni za kupambana na biashara hiyo ya kificho, na serikali imepanua orodha ya shughuli ndogo zinazohifadhiwa kwa raia pekee. Hatua hizo ni mwendelezo wa sera ya kuwapa Waomani ajira, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo ilipata uzito mpya baada ya vijana wasio na kazi kuandamana mwaka 2011 na tena mwaka 2021.

Si haki kumlaumu mpishi wa Kerala au mhudumu wa Bangladesh. Bila yao mgeni angelala na njaa, na mishahara yao haifungwi na kima cha chini kilichowekwa kwa raia. Tatizo ni kwamba mpango mzima umesimama juu ya kazi ya bei ya chini, kiasi kwamba kijana wa Nizwa anayetaka riali 325 hawezi kushindana nayo, na mkahawa unaomwajiri hauwezi kuuza sahani kwa riali mbili.

Kuna tatizo jingine ambalo barabara nzuri zimelizidisha. Barabara kuu ya pwani kati ya Qurayyat na Sur, pamoja na ile pana inayopita Ibra kutokea Bidbid, zimefupisha safari. Mtalii anayelala Muscat anaweza kuiona ngome ya Nizwa au karakana ya majahazi ya Sur na kurudi siku hiyo hiyo. Hulipa riali 5 kuingia ngomeni, akanunua kopo la haluwa, na chakula cha usiku akala katika hoteli ya mji mkuu.

Jambo hili si la Oman peke yake. Mji wa Venice nchini Italia, uliolemewa na wageni wa kutwa wasioacha kitu isipokuwa msongamano, ulianza Aprili mwaka 2024 kuwatoza euro 5 kwa siku maalumu, na mwaka uliofuata ukapandisha hadi euro 10 kwa wanaochelewa kulipa. Nizwa haijafikia msongamano wa Venice. Lakini ugonjwa ni mmoja: mgeni anaupita mji bila ya kuula.

Majaribio ya wenyeji

Wapo ambao hawakungoja serikali. Katika kijiji cha Misfat al Abriyyin, kilichojengwa juu ya miamba karibu na Al Hamra, wanakijiji waligeuza nyumba zao za kale kuwa nyumba za wageni. Mgeni hulala katikati ya mitende na mifereji ya falaj, na hula kilichopikwa na familia za hapo hapo. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitambua kijiji hicho miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Bei yake si ya chini, lakini kinacholipwa hubaki kijijini.

Mjini Nizwa, mtaa wa kale wa Al Aqr uliokuwa ukiporomoka chini ya ukuta wa ngome umekarabatiwa, na nyumba zake za udongo zimekuwa mikahawa na nyumba za kulala wageni. Huko wahudumu vijana wa Kiomani wanaonekana zaidi, na kahawa huuzwa kwa bei ya mji mkuu.

Ibra nayo ina soko lake la Jumatano, ambapo wanawake huwauzia wanawake wenzao nguo, manukato, viungo na vyakula walivyotengeneza nyumbani. Ni mfano wa kale wa uchumi ulio mikononi mwa wenyeji, uliokuwapo kabla ya mtalii kufika.

Na yuko yule kijana wa mishkaki kando ya barabara. Hana jengo, hana orodha ya vyakula iliyochapishwa, na mara nyingi ni Muomani anayejiongezea kipato baada ya kazi yake ya mchana. Nyama yake ni rahisi, ni ya kienyeji, na riali aliyoipokea usiku huo huenda ikatumika asubuhi katika duka la mtaa. Katika mjadala wote wa mikakati mikubwa, yeye ndiye aliyekwisha kuonyesha kwamba urahisi na uenyeji vinaweza kukaa katika kijiti kimoja.

Kioo cha Zanzibar

Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa Oman ilipokea wageni takriban milioni 4 mwaka 2023, na mkakati wake wa utalii unalenga kufikia milioni 11 ifikapo mwaka 2040. Ikiwa lengo hilo litatimia, Nizwa, Ibra na Sur hazitabaki kama zilivyo.

Wazanzibari wanaweza kuwapa jamaa zao wa Oman ushuhuda. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, pweza na samaki wazuri huishia katika majiko ya hoteli kabla ya kufika sokoni, na mwanakijiji hununua kilichobaki kwa bei iliyopandishwa na mfuko wa mtalii. Watalii waliongezeka, lakini kitoweo cha mwenyeji hakikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mvuvi hupata bei nzuri zaidi, ndiyo. Mke wa jirani yake asiye mvuvi ndiye anayerudi na kikapu chepesi.

Oman ina bahati ya kuwa bado ina nafasi ya kuchagua. Inaweza kuendelea na mkahawa wa riali mbili kwa mgeni wa kutwa na hoteli ya riali 15 kwa mgeni tajiri, huku chakula chake chenyewe kikibaki nyuma ya mlango. Au inaweza kuzirahisishia familia za Ibra na vijana wa Sur kupata leseni za majiko ya nyumbani na mikopo midogo, ikaulegeza mzigo wa kodi kwa mkahawa unaokua, na ikahakikisha kwamba kila anayepika, awe raia au mhamiaji, analipwa haki yake. Njia hiyo ya pili ina gharama, na huenda sahani ya mgeni ikapanda kidogo.

Wahenga wa pwani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na yakini kwamba mgeni akija, chungu kitainjikwa na hata mwenye nyumba aliyekuwa na njaa atakula. Mjini Nizwa leo wageni wanakuja, na chungu kiko jikoni. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mwenye nyumba naye anaitwa mezani.